Kifo Kimepotea Nyumbani

Wazee wenzangu mliooa, tusidanganyane. Mwanamume ana kauli nyumbani kwake mpaka siku mkewe anapopata mtu mwingine wa kumuuliza kabla yake. Wengine mtu huyo ni mama mkwe, wengine ni shoga wa saluni. Kwangu mimi ni karata.

Wala si karata za kuchezea. Ni zile za kutazamia, zenye picha za malaika, mifupa, meli na mwezi, ambazo hapa Uingereza huuzwa dukani mchana kweupe, rafu moja na mishumaa na udi. Tunaishi London, upande wa mashariki. Mke wangu, ambaye tunamwita Mheshimiwa kwa kuwa bajeti zote hupita mezani kwake, alianza na pakiti moja aliyopewa zawadi kazini. Leo droo chini ya televisheni haifungi. Kila Jumapili baada ya chakula cha usiku anatandika kitambaa chekundu, anachanga, anakata, anapanga, kisha anasoma hukumu: mapazia ya sebuleni yasubiri, Kesho asikopeshwe, na Baba Tufani apunguze chumvi. Niliuliza siku moja ni karata ipi inayozungumzia chumvi. Sikujibiwa, nilitazamwa tu.

Kesho ni shemeji yangu, ndugu wa Mheshimiwa baba mmoja mama mmoja. Jina alilipata kutokana na siku anayolipa madeni. Ana chumba chake mtaa wa tatu kutoka kwetu, ila analala kwenye kochi langu, eti la kwake linamuumiza mgongo. Tufani ni mwanangu wa mwisho, na jina linajieleza. Dada yake mkubwa ni Wakili. Huyo ukimwambia osha vyombo anakuuliza ni kwa mujibu wa makubaliano yapi.

Hapo nilikuwa naishi kwa amani ya mtu aliyekwisha kushindwa. Kisha akaja Bibi Redio kutoka Tanga kutusalimia. Huyu ni mama mkwe. Kituo chake hufunguliwa alfajiri baada ya swala na hakifungwi mpaka alale, na hata usingizini matangazo madogomadogo huwa yanapita. Alipoona kitambaa chekundu akashika kichwa: “Astaghfirullah! Mmevuka bahari yote hii kuja kupiga ramli?”

Nikasema Alhamdulillah, nimepata mwenzangu. Furaha haikufika usiku. Baada ya chai, Bibi Redio mwenyewe akaanza kusimulia jinsi zamani mbuzi wa jirani yao alivyopotea, mzee mmoja akaja akachora alama kwenye mchanga, maana ramli ina maumbo yake 16, naye anayajua majina karibu yote. Akaingia na kwa Sheikh Yahya Hussein, mnajimu wa Dar es Salaam aliyefariki 2011, ambaye utabiri wake ulikuwa ukitoka tu, Bibi huyu anatafuta mtu wa kumsomea gazeti. “Lakini haramu ni haramu,” alimalizia, akavuta kiti karibu na kitambaa.

Basi ukaanza msimu wa kuchagua pakiti ya nyumba, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa nazo nyingi na kila moja inasema lake.

Ya kwanza ilikuwa ya malaika, ya Mmarekani Doreen Virtue. Pakiti zake nyingi huwa na karata 44, na humo hamna habari mbaya hata kwa dawa. Kesho aliipenda kuliko wote. Kila akivuta, riziki iko njiani. Ilikuwa njiani muda mrefu sana. Siku moja Wakili akainua macho kwenye simu yake akatoa ushahidi: huyo mama mwenyewe aliachana na mambo hayo mwaka 2017, akashika Ukristo kwa nguvu, na anawasihi watu wazitupe karata zake. Mheshimiwa hakusema kitu. Malaika wote 44 walishuka chini kabisa ya droo, chini ya chaja za simu zilizokufa, na jioni hiyo tulikula wali mkavu.

Ikapanda cheo taroti. Hii ina karata 78: 22 za mambo mazito na 56 za mambo ya kila siku, nazo zimegawanyika vikombe, sarafu, magongo na panga. Bibi Redio, ambaye ujana wake umekwenda na karata barazani, alizitazama akacheka: “Si kopa, uru, pau na shupaza hizi! Mmezivisha nguo tu.” Na hakukosea. Taroti ilianza kama mchezo wa karata kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na utabiri umekuja baadaye sana.

Iliyo kwetu ni ile maarufu iliyotolewa hapahapa London mwaka 1909 na kampuni ya Rider. Mawazo yalikuwa ya bwana Arthur Edward Waite, picha zote akachora mwanamke aitwaye Pamela Colman Smith. Nilipomsoma huyu mama roho iliniuma. Kachora pakiti nzima, akamwandikia rafiki yake kwamba kazi ni kubwa na malipo kiduchu, na mwaka 1951 akafa fukara huko Cornwall. Kwa miaka mingi watu walizitaja karata zake kwa jina la Waite na la mchapishaji, la kwake halimo. Mimi ninayebeba mifuko ya sokoni halafu nasikia wageni wakimshukuru Mheshimiwa kwa ukarimu wake, namwelewa kabisa.

Jumapili moja Mheshimiwa akahesabu karata, akarudia, akatulia. Zilikuwa 77. Akazipanga kwa namba, pengo likajitokeza: hakuna ya 13.

“Kifo kimepotea,” akasema.

“Kimepotea,” aliuliza Bibi Redio, “au kimetoka?”

Ndugu msomaji, hujawahi kuona watu wanavyotafuta. Kochi lilipinduliwa na Kesho akiwa bado juu yake. Chini ya friji tulipata vijiko, betri, soksi moja na risiti ya deni ambalo Kesho alikuwa akilikana. Kifo hakipo. Bibi Redio akawa anasoma Ayatul Kursiy chumba hadi chumba, huku akiinua mito. Wakili akatoa hoja kwamba kama Kifo hakimo nyumbani, basi humu hakuna atakayekufa, tushukuru twende tukalale. Kesho hakusubiri uamuzi. Alivaa koti akaenda kulala kwake, mgongo ukiwa umepona ghafla, nami nikaanza kuiona hasara hii kwa jicho jingine.

Mheshimiwa ndiye aliyeumia kweli. Alinieleza kwamba taroti ikipungua hata karata moja imekwisha, kwa sababu hutajua kama jibu lako lilikuwa ndilo lile lililopotea. Hilo sikuweza kulipinga.

Siku ya pili simu ikaita kutoka shuleni kwa Tufani. Mwalimu alianza kwa kusema hakuna tatizo lolote, na waliokaa nchi hii wanajua hapo tatizo ni kubwa. Ilikuwa siku ya watoto kuleta kitu cha nyumbani wakieleze darasani. Tufani alisimama na karata ya 13: mifupa iliyovaa deraya nyeusi, imepanda farasi mweupe, mkononi bendera nyeusi yenye waridi jeupe, mfalme amelala chali, askofu ameunganisha mikono, mtoto mdogo kapiga magoti anatazama. Akawaambia wenzake: “Huyu anakaa kwetu kwenye droo. Mama huongea naye Jumapili.”

Kwenda kueleza nilipangiwa mimi, bila kura. Nikarudi na karata ndani ya bahasha, kona moja imetafunwa na mgongoni ina alama ya jamu isiyofutika. Mheshimiwa aliigeuza mara mbili, akaelewa. Sasa hata ikilazwa kifudifudi, nyumba nzima inajua Kifo kiko wapi. Utachangaje karata ya namna hiyo? Taroti ikastaafu.

Kikao cha mwisho kilifanyika mezani. Mimi nilitetea zile karata za kisasa ambazo kila mtungaji hujipangia idadi na picha, maana Tufani akiiba moja hatujui. Hoja yangu haikuandikwa. Wakili akaleta Lenormand, karata 36 zenye vitu vya kawaida: nyumba, barua, mbwa, panya, ufunguo, meli, jeneza. Akatufafanulia kwamba bibi Lenormand alikuwa mtabiri mashuhuri wa Paris aliyefariki 1843, na karata hizi zilibandikwa jina lake baada ya kufa. Chanzo chake ni mchezo wa dadu wa Johann Kaspar Hechtel wa Nuremberg, wa karibu mwaka 1799, na nakala imo British Museum.

Hapo kila mtu akapata chake. Mheshimiwa anatazamia, na panya wakitokea karibu na nyumba, Kesho hakopeshwi. Bibi Redio aliona kila karata ina alama ndogo ya karata za kawaida, meli kumi ya shupaza, jeneza tisa ya uru, akaanza kumfundisha Tufani kucheza, akilalamika tu kwamba mbili hadi tano hazimo. Usiku tunaucheza ule mchezo wa Hechtel: tunazipanga sita kwa sita, tunatupa dadu mbili, na anayefika kwenye nanga, namba 35, ndiye mshindi. Ukiangukia jeneza, namba 8, unahesabiwa maiti mpaka mwenzako naye aangukie hapo au wewe utupe dadu mbili zilizolingana. Mimi ndimo ninamoishi. Juzi walimaliza mchezo, wakala ndizi za kukaanga, wakaosha sahani, bado nimekufa.

Kwa hiyo mwenzangu, kama nyumbani kwako kuna mtu anayetaka karata za kutazamia na huna ubavu wa kukataa, usihangaike na malaika wala mifupa. Mnunulie Lenormand: ni chache, zina namba, na familia nzima inaweza kuzichezea. Zihesabu kila Jumapili usiku, kabla hujafunga begi la shule. Na shemeji asikopeshwe. Hilo halihitaji karata.