Namna ya Kusomea Kiarabu Ukiwa Mtoto wa Njoro

Usitangaze habari hii siku ya kuvuna viazi. Ukimwambia baba, akiwa ameinama kwenye tuta, kwamba umejaza Kiarabu kwenye fomu za KUCCPS za kuombea chuo, hatasema neno, ataendelea kuchimba. Jioni ndipo atauliza, akiwa analitazama jiko wala si wewe, kama Egerton imefungwa. Maana chuo kiko hapo hapo Njoro, kilianza 1939 kama shule ya kilimo, na alishazoea kukuona kichwani mwake ukirudi nyumbani na koti jeupe kupima udongo wa shamba lake. Mama atataka kujua jambo moja tu: umesilimu lini?

Jibu liwe tayari. Mweleze kwamba kuna Wakristo Misri na Lebanon wanaosali kwa Kiarabu, na Mungu wao wanamwita Allah. Hatakuamini, ila atakuwa amepata swali la kumpelekea pasta Jumapili.

Majirani wapuuze. Nakuru tuna mtaa wa Shabab, neno ambalo kwa Kiarabu ni vijana, na tuna mtaa wa London. Wa London hakuna anayewauliza kama wanajua Kiingereza.

Khartoum, walikokuwa wakienda wengi waliotutangulia, ifute kwenye orodha tangu vita vya Aprili 2023. Tafuta chumba Nairobi, ubebe sufuria yako na gunia nusu la viazi vya msamaha.

Wiki ya kwanza utajiona bingwa. Kitabu unakijua, kalamu unaijua, daftari, darasa, dakika, yote yako. Utawatazama wenzako kwa huruma. Kisha mhadhiri atauliza wingi wa kitabu, nawe, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa na lugha, utajibu: vitabu.

Hapo ndipo masomo huanza. Neno lilifika pwani likiwa kitab. Wenyeji wakasikia ki- pale mbele, wakaliweka kwenye ngeli pamoja na kiti na kisu, wakatoa vitabu bila kumwomba mtu ruhusa. Mwarabu yeye hugusa tumbo la neno: kutub. Huo huitwa wingi wa kuvunjika, na kufikia mwisho wa muhula utakuwa umejua ni nani hasa anayevunjika. Usilalamike sana, kwani hata jina la lugha yako limetokana na wingi wa namna hiyo: sahil ni pwani, zikiwa nyingi ni sawahil.

Kuna herufi iitwayo ayn. Hutoka kule ndani kooni anakochungulia daktari akitafuta mafindofindo. Ifanyie mazoezi kwenye matatu ya Njoro. Makanga atakuuliza kama unataka kutapika. Sema ndiyo, upewe kiti cha dirishani.

Kwenye sarufi utakutana na Zaidi na Amri. Zaidi amempiga Amri. Amekuwa akimpiga kwa karne nyingi katika vitabu vya sarufi, na sijaona mwanachuoni aliyeuliza kosa la Amri. Kazi yako si kuamua ugomvi. Wewe hakikisha mpigaji anaishia na u na mpigwa na a: Zaydun, Amran. Mambo hayo ya mwisho wa neno ndiyo i'rab, na ndiyo hiyo irabu ambayo mwalimu wa darasa la tatu alikwambia ni a, e, i, o, u, ukapata vema, ukaenda kucheza kati.

Kamusi nayo usiifungue kama watu. Ukiitaka maktaba, usiende kwenye m. Livue neno nguo mpaka zibaki konsonanti tatu, k-t-b, uanzie hapo. Jina lenyewe, qamus, zamani lilimaanisha bahari. Walionya.

Ukichoka kabisa, panda gari uende Eldama Ravine ukawasikilize Wanubi. Mababu zao walikuwa askari waliotoka Sudan, Waingereza wakawaingiza katika jeshi lao, na Kiarabu cha kambini kikazaa Kinubi. Ayn walitupa. Miisho ya Zaidi na Amri walitupa. Kila kinachokukosesha usingizi walikitua njiani kama mzigo. Mhadhiri fulani atakwambia hicho ni Kiarabu kilichoharibika; wanaisimu wanakiita krioli; ajuza anaita wajukuu waje kula na wanakuja.

Mwisho, jihadhari na aliyerudi kutoka Saudia. Mimi wangu alikuwa Mama Shiru, jirani, miaka miwili Riyadh kwa kazi za ndani. Kule walimwita shagala, mzizi uleule wa shughuli. Nilikwenda kwake nikiwa mwaka wa tatu, nimechomekea shati, nikamuuliza kwa fasaha yote anataka nini: madha turidina? Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kijana wangu, hiyo ni taarifa ya habari. Kule utasikia *wesh tabghin*, na uwe umeshasimama."

Aliongea dakika tano mfululizo, nikaambulia sukari, mtoto na Jumatano. Nilikuwa natafuta mlango aliponiuliza kama najua kusoma. Akatoa bahasha chini ya godoro. Mkataba wake. Aliutia sahihi bila kujua hata herufi moja, kwa kuwa Kiarabu chake chote kilikuwa cha masikioni, na karatasi ile, kurasa zote, ilikuwa ya taarifa ya habari.

Nilisoma kwa kidole, taratibu, nikitafsiri. Mshahara. Muda. Tiketi ya kurudi. Kisha *yawm raha*, kila wiki.

"Siku ya nini?"

"Ya raha. Kwao raha ni mapumziko. Siku moja kila wiki."

Mama Shiru akaivuta karatasi, akaitazama juu chini, akanirudishia.

"Ilikuwa imeandikwa?"

"Imeandikwa."

"Soma tena hapo," akasema. "Polepole. Na hizo irabu zako zote."