Waya wa Hewani

Tundu la chaji la simu yangu lilipoanza ukaidi, mke wangu alisema maneno matano tu: "Mpelekee fundi atie sindano, basi." Ningelimsikiliza, ningeliokoa shilingi 2,100, wiki tatu za usingizi, na heshima yangu mbele ya mama muuza mahamri.

Ukaidi wenyewe mnaujua. Simu haikatai kuchaji, bali hukubali kwa masharti. Waya uupinde kushoto, uuinue kidogo, uukandamize kwa kopo la maziwa, kisha utoke chumbani kwa ncha za vidole kama uliyemlaza mtoto mwenye homa. Jirani wa juu akifunga mlango kwa kishindo, chaji imekwenda.

Mimi nilikuwa na nadharia yangu. Sisi watu wa kisiwani tuna jibu moja kwa kila chuma kinachoharibika: chumvi ya bahari. Na si uongo. Hapa Makadara, Mombasa, hewa ya baharini hula bawaba, hula grili za madirisha, hula mnyororo wa baiskeli uliyoinunua juzi. Ila tumezoea mno kuishtaki. Pasi ikikataa kupata moto, ni chumvi. Yuko mtu niliyemsikia akiisingizia chumvi hata ndoa yake. Basi nikatangaza kwamba tundu la simu limeliwa na chumvi, na kwamba ugonjwa huo hautibiwi kwa sindano.

Dawa niliisikia kazini. Naweka hesabu katika duka la leso Biashara Street, na kijana mmoja wa jirani alinieleza kwamba hata simu ya zamani kama yangu hugeuzwa ikachaji bila waya. Unanunua kipokezi, kitu chembamba kama kadi ya benki, ndani yake koili ya shaba iliyozungushwa kama ukili wa mkeka wa duara. Kina mkia mfupi wenye ncha ya kuchomeka. Unakibandika mgongoni mwa simu, unarudisha kifuniko juu yake, kisha simu unailaza juu ya kisahani chenye umeme. Kwisha.

"Na huo mkia waingia wapi?" akauliza mke wangu.

"Kwenye tundu la chaji."

"Lile bovu?"

Nikamweleza, kwa upole wa mtu anayejua mengi, kwamba tundu halikufa, limechoka tu kwa kuingizwa na kutolewa. Likitiwa kitu mara moja kisitolewe tena, litapumzika. Akanitazama kitambo, kisha akarudi kugeuza chapati zake.

Jioni nikatoa mhadhara barazani. Niliwaambia habari za Michael Faraday, Mwingereza mtoto wa mhunzi aliyejifunza kwanza kazi ya kujalidi vitabu, ambaye mwaka 1831 alizungushia pete ya chuma nyaya mbili zisizogusana. Umeme ulipowashwa au kuzimwa katika waya wa kwanza, ule wa pili nao ukashtuka. Siri iko katika huko kubadilika: umeme uliotulia haushtui kitu. Ndiyo sababu kisahani cha kuchajia huufanya uende na kurudi zaidi ya mara laki moja kwa sekunde, na huu wetu wa ukutani huenda na kurudi mara 50 tu. Faraday hakuwa na shahada yoyote ya chuo alipoyagundua haya, nami sina. Hapo ndipo tunapofanana, na ndipo tunapoachania.

Yupo mzee pale barazani aliyestaafu kazi ya winchi bandarini Kilindini. Alisikiliza yote huku akizungusha kikombe chake cha kahawa.

"Kwa hivyo umeme waruka?"

"Waruka, mzee wangu."

"Waruka kadiri gani?"

"Milimita chache."

"Huko si kuruka, mwanangu. Huko ni kuchechemea."

Kesho yake nikaenda kununua. Mkataba wa kimataifa wa vitu hivi huitwa Qi, neno la Kichina la nguvu ya uhai, nalo hutamkwa "chi". Kampuni zilikusanyika mwaka 2008 kuutengeneza, na toleo la kwanza likatoka 2010. Muuzaji wangu aliutamka "kwi", kwa namna ya mtu aliyebanwa na kwikwi. Kisahani shilingi 1,200, kipokezi 450. Kisha akaniuliza, "Wataka A au B?"

Nikajibu A bila kusita, kwa kuwa shuleni A ndiyo iliyokuwa alama nzuri.

Hapa yafaa nieleze, asije mwingine akaangamia. Tundu la simu hizi za zamani lina upande mpana na upande mwembamba. Simu nyingine huwekewa upande mpana juu, nyingine chini, na vipokezi vimegawanywa A na B kwa sababu hiyo tu. Koili nayo ina uso na kisogo. Kisogoni hubandikwa karatasi nyeusi ya feraiti, inayoizuia sumaku isipenye kwenye betri na matumbo ya simu. Nilipochomeka A yangu, uso ukaangalia ndani ya simu, na kisahani kikapewa kisogo. Mahari ilikuwa imelipwa, lakini bibi arusi amegeukia ukutani.

Mtu mwenye akili angerudi dukani. Mimi niliupindua mkia. Ule mkia ni utando wenye nyuzi za shaba nyembamba kuliko unywele, na haukuumbwa kupinduliwa. Ulilia kidogo, tak, kama mfupa wa dagaa. Nikarudi dukani kwa shilingi 450 nyingine. Muuzaji hakuniuliza kitu. Alinipa B pamoja na tabasamu, na tabasamu hakunitoza.

B ilifanya kazi, na hili lazima niliseme kwa haki. Nilichomeka kisahani, kitaa cha buluu kikawaka, nikalaza simu, ikatoa mlio wake wa kupokea chaji, nami nikaita nyumba nzima. Watoto wa jirani wakaja. Nikainyanyua, ikakata, nikailaza, ikapokea. Nilifanya hivyo mara kumi na tano, na kila mara nikitazama kama mke wangu anatazama. Alikuwa akitazama chapati.

Usiku ule nikalala kama sultani. Kumbe nilisahau kwamba tuna arusi ya binamu mwezi ujao, na kwamba kamati ya arusi ina kundi la WhatsApp lisilolala. Koili mbili hizi hutaka kukaa kitovu juu ya kitovu. Zikiachana kwa upana wa kidole, hazijuani tena. Simu yangu nayo ilikuwa kwenye mtetemo. Saa nne usiku shangazi aliuliza habari ya mchele wa biriani. Simu ikatetemeka, ikasogea. Ami mmoja akajibu kwa sauti ya dakika nne. Ikasogea. Likazuka suala la sare, rangi ya maziwa au rangi ya maembe, na hapo simu ikasafiri kama jahazi lililopata kusi, ikashuka kisahanini, ikatia nanga pembeni ya meza. Asubuhi ilikuwa na asilimia 4.

Sikuyaona hayo mpaka nilipofika kwa mama wa mahamri. Nikala manne kwa mbaazi, nikaongeza mawili. Nikafungua M-Pesa, nikatia namba yake, nikatia kiasi, nikaanza kutia namba ya siri, kioo kikawa cheusi.

"Imekuwaje, mwanangu?"

"Imezimika, mama."

"Si wewe uliyesema juzi yako yachaji kwa hewa? Basi ipepee."

Foleni nzima ikacheka. Deni langu likaandikwa kwa makaa ukutani, chini ya deni la kijana wa tuktuk ambaye mimi mwenyewe niliwahi kumhubiria juu ya kuishi kwa mpango.

Ajabu ni kwamba nilikuja kuipepea kweli. Umeme unaopita kwa sumaku hupotea kiasi njiani, na ule unaopotea hugeuka joto. Hiyo ni hasara ndogo kwa mtu wa London. Kwa mtu wa Mombasa mwezi wa Februari, ambako chumba chenyewe kina joto la kuumulia unga, simu hujaa moto, ikaonya, ikaacha kuchaji. Pia nilisahau kwamba ndani ya kava nilibandika kibati cha kuishikia simu kwenye gari, ijapokuwa sina gari. Kibati kilipata moto juu ya kisahani hata mke wangu akauliza kutoka jikoni ni nani anayeunguza sufuria. Nikakibandua. Kisha nikaleta feni ya mezani nikaielekeza kwenye simu. Feni ikataka soketi, na soketi ilikuwa imeshikwa na kisahani, basi nikaleta waya wa kuongezea.

Nikakaa kitandani nikahesabu. Waya wa kisahani, waya wa feni, waya wa kuongezea. Nilikuwa na mmoja, sasa nina tatu, na simu yenyewe siwezi hata kuishika sikioni ikichaji, maana ikinyanyuliwa inakata. Ule waya wa zamani angalau ulikuwa ukiniruhusu kuongea.

Mke wangu hakusema neno. Lakini mimi nashinda katikati ya leso, nazisoma kama wengine wasomavyo magazeti, na jioni ile aliingia chumbani amejifunga ile niliyomletea mwenyewe sikukuu ya Idi: Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Akapita mbele ya feni polepole, akageuka, akapita tena, nisije nikasema sikuyaona maandishi.

Siku B nayo ilipoanza kukatakata, nikaenda kwa fundi. Kijana mdogo, umri wa mwanangu, na taa yake na kioo chake cha kukuzia. Alichomoa mkia, akazima simu, akatoa betri, akachukua sindano akaiingiza tunduni polepole kama atoaye mwiba. Ikatoka pamba, na mle pambani mlikuwa na nyuzi: nyekundu, nyeusi, za manjano, na mbegu moja ya ufuta. Miaka mingapi simu hii imekaa mfukoni mwangu dukani, katikati ya mabunda ya leso! Zile nyuzi zingetosha kushonea pindo. Hakuna waya uliokuwa ukifika mwisho wa tundu, wala A wala B. Chumvi haikuwamo hata chembe.

Akachomeka chaja yake ya kawaida. Simu ikapokea palepale, wima, bila kopo la maziwa.

"Shilingi 100, ami. Na hii koili uliyobandika nyuma ni ya nini?"

"Ya pambo," nikasema.

Kisahani nilikipeleka barazani, nikakichomeka kwenye soketi ya mlangoni nikikusudia kukiuza. Mzee wa winchi akakiona. Ana kabambe, simu ya vibonyezo ambayo betri yake hukaa wiki nzima, na isiyo na koili wala mkia wa koili. Baada ya magharibi akailaza juu ya kisahani. Kitaa cha buluu kilikuwa kimeshawaka chenyewe tangu nilipokiunganisha na umeme. Baada ya isha akarudi, akaichukua, akatazama vijistari vya betri, vyote vimesimama.

"Mashallah. Imejaa."

Tangu siku ile, kila jioni huilaza. Juzi alinikuta nimekaa barazani na waya wangu umetokea dirishani, akanionea huruma.

"Kosa lako, mwanangu," akaniambia, akiilaza kabambe yake taratibu katikati kabisa ya kisahani, "wewe ulikuwa ukiiweka bila kusema bismillahi."