Dakika 120 za Baba

Mume wangu ni fundi umeme wa kiwandani, na imani yake ni kwamba hakuna ugomvi wa binadamu usiomalizwa na swichi. Watoto walipozidisha runinga na magemu, mimi nilifoka. Yeye alikwenda Kariakoo akarudi na kijisanduku cheupe chenye kioo kidogo na vitufe vichache. Rilei yenye akili, akasema, yaani swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe.

Ukoo wa kijisanduku hicho ni wa heshima. Mwaka 1969 General Motors ya Marekani ilipokea Modicon 084, mashine ya kuongozea mitambo kwa programu, kazi ya Dick Morley na wenzake, ili isiwe inafumua makabati ya rilei na nyaya kila muundo wa gari unapobadilika. Kitukuu chake sasa kimepachikwa nyuma ya runinga yetu Tabata, kinalinda katuni.

Programu nilioneshwa kwenye kompyuta mpaka chai ikapoa. Mtoto anabonyeza kitufe, soketi inapata umeme. Kila dakika pigo moja linaingia kwenye kihesabio. Yakifika 120, rilei inaachia na soketi inakufa. Usiku wa manane saa ya ndani inarudisha hesabu kwenye sifuri.

"Mashine haina huruma wala haichoki," akasema.

Kitinda mimba wetu alikuwa amekaa hapo hapo na daftari lake la hesabu. Wiki haijaisha, nikaamka kwenda kunywa maji nikamkuta sebuleni saa sita na nusu usiku, kajifunika khanga yangu, sauti kaizima, anakula dakika za siku mpya kihalali kabisa. Baba yake akaongeza saa ya pili kwenye programu: soketi ifunguke kati ya saa nane mchana na saa mbili usiku tu.

Ndipo umeme ukaanza kukatika. Kihesabio cha namna hii husahau kila kitu umeme ukiondoka, isipokuwa mwandika programu awe ametia alama ya kukiamuru kikumbuke. Alama haikutiwa. Umeme ukikatika saa kumi, ukirudi watoto wana saa mbili mpya. Mtaa mzima ulishangilia umeme ukirudi. Nyumba yetu ilishangilia ukikatika. Kifungua mimba, aliyeko kidato cha pili, akaona hakuna sababu ya kungojea bahati wakati meni swichi iko nyuma ya mlango. Friji ikawa inazima kila alasiri. Nikaita fundi wa friji, akaipapasa, akainusa, akadai nauli na hela ya kuikagua. Nililipa.

Siri ilipofichuka, alama ikatiwa na programu ikafungiwa kwa neno la siri. Kukatulia. Mimi, nikiwa nimeishi na watoto hawa tangu wazaliwe, utulivu ule sikuupenda.

Ikafika Jumamosi ya Simba na Yanga. Shemeji zangu wamekuja, jirani kaja na kiti chake, bisi zimejaa kwenye beseni. Hakuna aliyekumbuka kuwa watoto walikuwa wameketi mbele ya runinga tangu alasiri. Mpira umewekwa kwenye nukta ya penalti, kioo kikawa cheusi.

Nje mtaa ukapiga yowe. La nani, hatukujua. Mume wangu akarukia kijisanduku na kuanza kubonyeza neno la siri, akakosea, akabonyeza tena. Kompyuta aliiacha kiwandani. Shemeji mmoja akauliza kwa upole kama kuna mtu alisahau kununua umeme. Bisbisi ikaletwa.

"Ondokeni hapo," akasema mama mkwe.

Akainama taratibu, akavuta ekstensheni kutoka chini ya kochi. Waya ulipita chini ya zulia, ukaingia jikoni hadi soketi ya friji.

"Mama! Tangu lini?"

"Tangu ufunge dude lako. Ulidhani tamthilia yangu naiangalia wapi? Toa plagi uchomeke hapa. Lakini saa moja ni zamu yangu."

Mpira ukaisha vizuri, wageni wakabaki kubishana ile penalti. Saa moja kamili mchambuzi alikuwa ndiyo kwanza anachora mishale kueleza kipa alikosea wapi. Mama mkwe akachukua rimoti, tukahamia Istanbul, kwenye harusi ambayo bwana harusi alikuwa hajatokea.