Barua ya Wazi kwa Taasisi ya Taifa ya Takwimu, Kinshasa: Umaskini wa Uvira kwa Rika

Kiwango cha umaskini cha rika lolote hupatikana kwa kugawanya idadi ya maskini wa rika hilo kwa idadi ya watu wake wote. Katika teritware ya Uvira, kuanzia bonde la Ruzizi hadi vijiji vya wavuvi kusini mwa Kalundu, hesabu hukwama kwenye nambari ya pili. Sensa ya mwisho ilifanyika Julai 1984, nchi ikiitwa Zaire. Aliyezaliwa baada ya hapo ameoa, amezaa, pengine ana wajukuu, na kwa sensa bado hajafika duniani. Huruma hii ya Taasisi haijashukuriwa vya kutosha: asiyekuwepo hawezi kuwa maskini.

Si kwamba Taasisi imelala. Uchunguzi wake wa kaya ulikuta maskini asilimia 71,3 nchini mwaka 2005, na 63,4 mwaka 2012. Lakini uchunguzi wa namna hiyo hupima nyumba. Kwa kawaida matumizi ya nyumba nzima hugawanywa kwa vichwa, na kila kichwa hupewa sehemu sawa. Kwenye karatasi, mtoto wa miaka minne wa Kavimvira anakula bugali na ndagala sawasawa na mjomba wake anayevuta nyavu usiku. Mbalamwezi ikiwaka na taa za wavuvi zikakosa kazi, wote wawili hushuka chini ya mstari wa umaskini kwa pamoja, bega kwa bega. Sahani haijaulizwa.

Hata kwa kanuni hiyo, watoto ndio hutangulia, maana nyumba yenye vichwa vingi ina mgao mdogo. UNICEF na Benki ya Dunia zilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto milioni 333 waliishi katika umaskini uliokithiri: zaidi ya nusu ya mafukara wote, ilhali watoto ni kama theluthi tu ya watu wa dunia. Uvira haihitaji kikokotoo. Bomba likikauka, bidoni iko kichwani mwa mtoto. Maji ya ziwa yakinywewa, kipindupindu kinajua njia. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kilifanya shule ya msingi kuwa ya bure, na ada zikafutwa 2019. Miaka 13 ya katikati ihesabiwe kuwa ya kutafakari.

Waliotimiza miaka 18 wana bahati nyingine. Kwa chaguzi za 2006, 2011, 2018 na 2023 waliandikishwa mmoja mmoja, kwa picha na alama za vidole, na kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chao kwenye kila kizuizi. Kumbe mashine hufika Sange, hufika hata Lemera milimani. Fomu ilipungukiwa na swali moja tu: umekula?

Wazee hawana mengi. Pensheni ni ya aliyekuwa na mkataba na michango; mvuvi, mlima mihogo na mama muuza ndagala hawamo. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama 1996, kikaondoka na mishahara ya bonde. Pensheni iliyobaki ni watoto, yaani rika lile lile ambalo halijazaliwa.

Kwa hiyo Taasisi inaombwa isiharakishe. Ikivumilia hadi Julai 2044, teritware nzima haitakuwa na maskini hata mmoja aliye chini ya miaka 60.