Mninga wa Plastiki

Kipande chenyewe hakizidi shubiri tatu. Kimelala kwenye dashibodi ya gari langu, mbele ya abiria, plastiki tupu, kimevishwa michirizi ya mbao ili kionekane mninga. Mimi ni mtoto wa seremala. Plastiki inayojifanya mninga hunikera kama mtu anayejiita Alhaji na hajavuka hata feri ya Kigamboni.

Nikaenda kwa wauza vipuri wa Gerezani nikanunua kingine, cheusi, cha mtumba. Muuzaji akanisihi: "Bosi, toa waya wa betri kwanza, humo kuna eabegi." Nikamtii. Ndiyo kazi pekee niliyoifanya sawasawa siku ile, na ndiyo iliyoniponza.

Mafundi wana vikabari vya plastiki visivyochuna. Mimi nilichukua kisu cha siagi, nikakizungushia selotepu. Kishikizo cha kwanza kikaachia kwa sauti tamu: tk! Cha pili: tk! Nikaanza kujiona fundi, nikaagiza chai. Cha tatu kikalia kwaa! Plastiki iliyopikwa na jua la Dar miaka kumi na tano haipindi. Inakatika kama kashata. Kishikizo kikaruka, kikagonga kioo cha mbele, kikatumbukia kwenye tundu la kupulizia kioo hewa. Hakijatoka mpaka leo.

Mke wangu akaja na chai, akatazama vidude vilivyotapakaa kwenye zulia. "Baba watoto, vyote hivi vimetoka kwenye kale kakipande?"

Kile cheusi kilikuwa na vishikizo vinne. Dashibodi, matundu matano. Nikakigeuza, nikakibembeleza, nikakipiga ngumi. Mwishowe mninga ukarudi mahali pake kwa gundi ya pande mbili, umepinda kidogo upande wa mlango.

Nikafunga betri, nikawasha gari. Redio ikaamka na kuniandikia Kijapani mstari mrefu, chini yake visanduku vya kujaza. Fundi redio hakuhitaji hata kuingia ndani; alichungulia dirishani akacheka. "Mzee, ulichomoa betri? Hizi ukizikatia umeme zinadhani zimeibiwa, zinadai nywila." Nywila anayo mwenye gari wa kwanza, huko Japani, na sidhani kama anaikumbuka.

Sasa naendesha kimya. Gari likipanda tuta, kile kishikizo hutembea ndani ya dashibodi, cha, cha, cha, kama mbegu kwenye kayamba. Barabara ya kwetu ina matuta tisa.