Chumba cha Kurukia Dirishani

Hapa Dallas gari hupewa chumba kabla mtoto hajapata cha kwake. La kwetu cha kwake halikuwahi kukiona. Gereji ilikaliwa na friji bovu na mabegi ya kwenda Tanga, yale yanayojazwa mwaka mzima. Basi Baba Rehema akaja na hesabu: "Mama Rehema, nyumba ya vyumba vinne ina bei kuliko ya vitatu. Tunaziba mlango, tunatia kitanda, tumemaliza."

Angekuwa Tanga angemaliza kweli. Huku chumba hakiitwi cha kulala mpaka jiji liridhike kwamba unaweza kukikimbia. Dirisha likifunguliwa liache nafasi isiyopungua sentimita 51 kwa upana na 61 kwa kimo, na ukingo wake wa chini usizidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Moto ukiwaka, wewe utokee hapo, na mzimamoto aingilie hapo hapo na mtungi wake mgongoni.

Mkaguzi akapima, akaguna. Dirisha liko juu mno, tena jembamba. Baba Rehema, mtu asiyejua kushindwa, akasema linapitika na atamwonyesha. Akapanda kiti, akatanguliza kichwa, mabega yakafuata kwa shida, kitambi kikagoma. Jirani aliyekuwa akimwagilia majani akauliza kwa adabu kama awaite zimamoto. Mkaguzi hakucheka. Aliandika tu, na aliandika sana.

Sakafu nayo ina yake. Ya gereji humwagwa kwa mteremko, maji yatiririkie nje. Shangazi, mgeni wetu wa kwanza, alidondosha chungwa kitandani akaenda kuliokota ukutani kule mlango ulikokuwa. "Mwanangu," akaniambia, "mmenilaza jahazini?" Tukasawazisha sakafu, tukaleta joto, tukafunga king'ora cha moshi ambacho hadi leo hunishtaki kila nikikaanga samaki.

Kibali kikatoka. Dalali akaja, akakisifu chumba, kisha akauliza, "Na gereji iko wapi?" Maana majira ya kuchipua mvua ya mawe huku haina utani, na wanunuzi wanalijua hilo. Gari letu pia linalijua: boneti yake sasa ina vishimo kama bao.

Nyumba bado tunayo. Ukipita Dallas karibu ulale, dirisha jipya ni pana. Gari lako tu uliache kwa mwenye gereji.