Sifa za Baiskeli Mvuani

Kuendesha baiskeli mvuani ni usafiri wa wateule, na makao yake makuu jijini Nairobi yanaweza kuwekwa Adams Arcade, kwenye barabara ya Ngong, bila ubishi mkubwa. Msimu wake rasmi ni Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hushuka yakiwa yamekwisha kupozwa. Jina Nairobi lenyewe limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Mwendesha baiskeli hulihakiki kwa mgongo wake.

Fadhila ya kwanza ni ya mfukoni. Wingu likitanda, nauli ya matatu hupanda hata kabla tone halijaanguka, na foleni hukaza tangu eneo la Community. Baiskeli haijui kupandisha bei. Hupita kando ya madirisha yenye ukungu, na abiria wakavu waliolipa maradufu humwonea huruma mwendeshaji mpaka atokomee mbele yao.

Fadhila kubwa zaidi imo katika breki. Ile baiskeli nzito iitwayo Black Mamba husimama kwa mpira kubana rimu ya chuma. Rimu ikilowa, mpira huteleza, na gurudumu sharti lizunguke mara kadhaa, likipanguswa maji, ndipo lishikike. Wasioelewa huuita huo udhaifu. Lakini mvua ya Nairobi hupenda alasiri na jioni, saa za kurudi nyumbani, na njia ya kutoka mjini kwenda Adams hupanda. Anayepanda mlima breki ya nini? Asubuhi ya kushukia mjini ni habari nyingine, na si desturi ya sifa kuchungulia kila upande.

Ipo pia elimu. Dakika za mwanzo za mvua ndizo za utelezi kuliko zote, kwa kuwa vumbi na mafuta ya magari huchanganyika juu ya lami kabla ya kusombwa. Dimbwi nalo halitangazi kina chake. Hupimwa kwa gurudumu la mbele. Methali husema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Huku huogwa bila kuvua.

Kuhusu mavazi, baiskeli isiyo na madgadi humchora mwenyewe mstari wa matope kutoka kiunoni hadi kwenye kola, umenyooka kuliko wa fundi cherehani. Zamani kiti kilivikwa mfuko wa plastiki. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Agosti 2017, hufunikwa kwa suruali ya mwenye baiskeli.

Hata pancha ina heri yake. Fundi hutumbukiza tyubu ndani ya karai la maji ili mapovu yaonyeshe tundu. Mvua ikinyesha kando ya soko la Toi, karai hujijaza lenyewe.